Mpunga Alioung'oa Mama Nasiba

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Nasiba ni jinsi anavyong'oa gugu. Aliinama kwenye beseni la mboga za lengalenga la jirani yake, akang'oa jani moja lisilotakiwa, akaliinua hadi usawa wa bega lake la kushoto, akatulia kama mtu anayesubiri jibu. Kisha akalitupa. Upande ule wa kushoto hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano tu, na shuka moja limeanikwa juu yake.

Nilikuwa nikipita mitaa ya Katoyi, hapa Goma, na daftari mkononi, nikiandika majina ya watu wanaolima katika nyua zao. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nipate shahada ya kilimo, na nilikuwa na hamu ya kuuliza kila kitu. Nikamuuliza alikuwa akimwonesha nani.

"Namuonesha nani?" Alicheka, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Ni mazoea tu, mutoto wangu. Mikono yangu haiyajua bado kama tulihama."

Ana miaka hamsini na tisa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara kutoka Kasongo, kule Maniema, ambako mtu aliyekula bila wali husema hajala. Mume wake, marehemu Swedi, alikuwa dereva wa lori. Binti yake wa pekee, Saumu, ameolewa Kindu na hupiga simu siku ya Ijumaa, mtandao ukikubali. Nyumba yake ni ya mbao, vyumba viwili, na anaishi humo peke yake. Uani hakuna udongo. Kuna mwamba wa volkano ambao jembe haliwezi kuuingia. Juu ya mwamba huo nilikuta bidon tisa, yaani madumu ya maji ya njano, zilizokatwa nusu, zimejazwa udongo alioununua kwa gunia, na ndani ya kila moja umesimama mpunga.

Sikuwa nimewahi kuona mpunga katika mji wa Goma. Usiku wa hapa ni baridi mno. Nilipomwambia hivyo, alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayestahili kiti, akanipa kiti.

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Nasiba alifanya kazi ya kusafisha mbegu katika shamba moja la mbegu karibu na mji mdogo wa Kiwanja, kaskazini mwa Goma. Kusafisha mbegu si kuziosha. Ni kupita katika shamba la mpunga uliokaribia kukomaa na kung'oa kila mche usiofanana na wenzake: uliorefuka kuliko mingine, uliowahi kutoa suke, wenye ganda la rangi nyingine. Ukiuacha mmoja, mwakani ni mia, na mbegu imeharibika.

Kazi hiyo ilifanywa na watu wawili wawili, jua likiwa mgongoni. Sheria ilikuwa moja, nayo haikuandikwa popote: hakuna kutupa kabla ya kuonesha. Ukishang'oa, unauinua mche upande wa mwenzako. Mwenzako anautazama, anasema "Tupa" au "Acha." Akisema "Acha," unaurudisha ardhini ungali na matope yake. Mwanamke aliyetupa bila kuonesha alirudishwa nyumbani siku hiyo, hata kama jicho lake halikukosea.

Miaka yote hiyo Nasiba alikuwa upande wa kulia. Upande wa kushoto alikuwa Mukashyaka.

"Mukashyaka alikuwa mutu wa kusema 'Acha,'" aliniambia. "Mimi nasema, huu ni mugeni. Yeye anasema, acha, labda umechoka tu. Mupunga unachoka? Tunagombana mustari muzima. Saa sita tunakula sahani moja."

Kila Idd, Mukashyaka alikuja kwa Nasiba kula wali. Kila Noeli, Nasiba alikwenda kwa Mukashyaka na kubaki hadi jioni. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi walikuwa na kipande chao kidogo, na humo walipanda mbegu ambayo baba yake Nasiba aliileta kutoka Kasongo katika mfuko wa shati. Waliisafisha kila msimu kwa sheria ileile ya kazini, mpaka ikawa safi kuliko mbegu za shamba kubwa.

Vita vilipowafikia mwishoni mwa mwaka 2022, walikimbia pamoja. Walitembea mpaka Kalengera, kwenye barabara ya Goma, wakiwa na ndoo moja ya mbegu. Pale, pembeni ya barabara, Mukashyaka alisimama. Mama yake mzee alikuwa amebaki nyuma na hangeweza kutembea. Waligawana mbegu kwa mikono, gao kwa gao, Nasiba katika mfuko wa plastiki, Mukashyaka katika kopo la maziwa ya unga. Mukashyaka akageuka kurudi. Hawakuonana tena. Nambari yake ya simu haikupatikana wiki ile, wala mwezi ule, wala mwaka uliofuata.

Mama Nasiba alipanda sehemu ya mbegu yake Katoyi mara tu alipopata mahali pa kulala. Mpunga ukaota, ukawa kijani, ukatoa masuke. Masuke yakasimama wima kama vidole. Mkulima yeyote wa mpunga anajua hiyo ni habari mbaya, kwa sababu suke lenye punje huinama. Yote yalikuwa mapepe, maganda matupu. Baridi huua chavua siku chache kabla suke halijatoka, na ua lisilo na chavua nzima halizai. Alipanda tena msimu wa pili. Mapepe. Majani yake aliwapa sungura wa jirani.

Jirani huyo ni Kaswera, mama kutoka Butembo anayeuza maharage sokoni, mkarimu na mwenye ulimi. Nilimsikia kwa masikio yangu akiegemea ukuta.

"Mama Nasiba, uko nanyweshea mawe tena? Maji yote ile ungepikia maharagi mara tatu!"

"Kaswera, siku itazaa utakuja na sahani."

"Na sahani? Nitakuja na sufuria! Miaka tatu uko naniambia itazaa. Hata tembo inabeba mimba miaka mbili tu."

Walicheka wote wawili. Kisha Kaswera akaenda sokoni, na Mama Nasiba akabaki na bidon zake. Nilirudi pale mara nyingi, na nilijifunza kwamba sehemu kubwa ya siku yake ni hiyo inayobaki baada ya watu kwenda sokoni. Hupika kikombe kimoja cha mchele. Alijaribu kupika nusu kikombe, akaniambia, lakini sufuria iliungua.

Msimu wa tatu alipanda gao la mwisho. Hakubakiza hata punje. Masuke yalipotoka, alipita kati ya bidon kama alivyopita shambani, akaona katika bidon ya saba mche mmoja mfupi, wa kijani kizito, uliochelewa. Mkono wake ukafanya kazi kabla hajawaza. Ukaung'oa. Ukauinua upande wa kushoto.

Alisimama hivyo, aliniambia, kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Nilikuwa nangoja aseme. Nimesahau kabisa kama niko Goma. Nimesimama na mupunga juu, nangoja Mukashyaka aseme 'Tupa.' Kimya. Nikageuka, nikaona ukuta. Pale sasa, kwa sababu hakuna mutu wa kuangalia, nikaangalia mimi mwenyewe."

Suke lilikuwa limeinama.

Alibonyeza punje kwa ukucha, na maziwa yakatoka. Aliurudisha mche ardhini mbio, akaumwagia maji yote aliyoyateka kwa ajili ya kupikia, akaufunika kwa gunia lenye unyevu siku nne. Nusu ya machipukizi ilikauka. Nusu nyingine ilimpa punje sitini na tatu. Bidon nyingine nane zilitoa mapepe, na majani yake, kama kawaida, yalikwenda kwa sungura wa Kaswera.

Punje thelathini kati ya hizo ndizo zilizoota na kusimama mbele yangu siku ile nilipofika na daftari, zimefikia kimo cha goti; zilizobaki alikuwa ameziweka akiba.

Nilimweleza ninachokijua, na nitaeleza hapa vilevile. Ndani ya kila seli ya mpunga kuna maandishi marefu ya urithi, DNA. Katika maandishi hayo kuna jeni, ambazo ni kama maagizo: toa jani, toa ua, jikinge na baridi. Lakini katikati ya maagizo kuna vipande vingine vingi sana, zaidi ya theluthi moja ya maandishi yote ya mpunga, ambavyo vina tabia ya kuhama. Kipande hutoka mahali pake, au hujinakili, kikaenda kukaa mahali pengine. Kwa kawaida mmea huvilaza usingizi. Taabu kubwa, kama baridi au joto kali, huweza kuviamsha baadhi yavyo. Kipande kikihamia ndani ya jeni, mara nyingi kinaiharibu. Kikihamia jirani na jeni, kinaweza kuwa kama swichi: jeni iliyokuwa ikinong'ona inaanza kusema kwa sauti, au ile iliyokuwa ikisema inanyamaza. Wataalamu wamekuta aina za mpunga ambamo kipande kidogo cha namna hiyo, kikikaa mbele ya jeni, huifanya jeni hiyo iamke hasa wakati wa baridi. Agizo halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni lini linasomwa, na kwa nguvu gani. Na mabadiliko hayo huweza kurithiwa na watoto wa mche.

Mama Nasiba alisikiliza akiwa ameshika shavu.

"Kwa hiyo kile kipande kilikimbia kwake."

"Kilihama, ndiyo, mama. Pengine."

"Na baridi ndiyo ilikifukuza."

"Pengine."

"Kikafika kwa wenyewe, kikaanza kusaidia kazi."

"Pengine, mama. Mara nyingi kikifika huwa kinaharibu, au hakifanyi chochote."

"Weye na 'pengine' yako," alisema. "Shule imewafundisha neno moja tu?"

Lakini neno hilo nilikuwa nalihitaji. Kwa ruhusa yake nilichukua majani machache ya bidon ya saba, nikayakausha vizuri, na rafiki yangu mmoja akayafikisha katika maabara nje ya nchi. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, la adabu na fupi. Majani yalikuwa mazuri. Vipande vinavyohama walivikuta kwa wingi, kama katika mpunga wowote. Ila hawakuweza kusema ni kipi kilichohama, kwa sababu hawakujua vilikuwa wapi kabla. Walihitaji mzazi: mbegu ileile ya Kasongo, safi, ambayo haijabadilika. Bila mzazi, walisema, huo ni mche mzuri usio na historia.

Nilimsomea jibu hilo kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Alitazama ardhi. Mbegu yake ya zamani ilikuwa imepandwa yote. Majani yote ya misimu ile yalikuwa yameliwa na sungura. Mbegu ya Kasongo ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, kama ilikuwa imebaki: katika kopo la maziwa la Mukashyaka.

"Mimi nilijua," alisema baadaye, akikusanya vikombe. "Kazi hii hawezi kuifanya mutu mumoja. Lazima mwingine aangalie."

Akaanza kumtafuta tena, safari hii kwa bidii niliyoshindwa kuifuata. Kila asubuhi alitembea mpaka mahali ambapo pikipiki za kwenda Kiwanja hupakia watu. Aliwapa madereva maelezo: mwanamke mrefu, anatembea akitazama chini, kidole kidogo cha mkono wa kulia kimekatika kwa mundu. Madereva walimzoea. Mmoja alimwita "mama wa kidole." Baadhi walisema wamemwona, wakaomba kwanza pesa ya chai, na mwanamke aliyeletwa kwenye simu alikuwa mwingine. Mara mbili nilikuwa naye alipopokea simu kama hiyo. Husalimia kwa furaha, hunyamaza, kisha husema kwa upole, "Samahani mama, siyo weye, Mungu akubariki," na kukaa na simu mapajani. Mara ya pili hakukata. Yule mama wa upande wa pili naye hakukata. Waliulizana habari za mvua kwa dakika tatu.

Saumu alimwambia kwa simu ahamie Kindu. "Mama, huko unakaa na mimea. Hapa wajukuu wako wanakuuliza."

"Nitakuja."

"Lini?"

"Mupunga ukishasemwa."

"Ukishasemwa na nani, mama?"

Aliuliza habari za wajukuu. Mtandao ulikuwa mzuri siku hiyo, nilisikia kila neno.

Mwezi wa saba ukaingia na baridi yake. Asubuhi ukungu wa moshi na vumbi hukaa juu ya mabati, na watu hutoka na makoti. Hizo ndizo siku zinazoua chavua. Katika bidon zote tisa masuke yalikuwa bado ndani ya maganda ya majani. Mama Nasiba alilala na koti la Swedi, lakini blanketi lake la pili nililikuta limezungushiwa bidon ya saba. Nilimwambia kwamba akiufunika, hatutajua kama mpunga umeshinda baridi wenyewe. Alinitazama kwa hasira ya kweli, mara moja ile tu. Kisha akalivua blanketi.

"Sawa. Upate baridi kama sisi."

Ni Carlos aliyemwona Mukashyaka. Carlos ni dereva wa pikipiki, mwanamume wa makamo, mcheshi, asiyeomba pesa ya chai. Safari hii Mama Nasiba hakumpa maelezo ya kidole. Alimwambia: ukiona mama anayeuza mpunga, usimuulize jina. Ng'oa jani lolote, uliinue upande wake, unyamaze.

Alitusimulia uani, amesimama, kofia ya pikipiki kwapani. "Niko soko ya Kiwanja. Naona mama murefu, ameweka muchele kidogo kwa sahani. Nikajisemea, Carlos, leo utaonekana mujinga. Nikang'oa majani chini ya meza, nikainua hivi. Watu wananiangalia! Yule mama akaangalia majani, hakuniangalia mimi. Akasema, 'Acha.' Ndiyo mutu analia sasa, mbele ya soko yote, na mimi niko na majani mukononi!"

Mama Nasiba alikaa chini. Kaswera, aliyekuwa ukutani, aliruka ukuta badala ya kuzunguka mlangoni. 

"Kopo iko?" Mama Nasiba aliuliza mwishowe. "Ile ya maziwa?"

"Sikuuliza kopo, mama. Yeye ndiye alinipa maneno. Mama yake alikufa mwaka jana. Simu yake ilipotea siku ile ya kukimbia. Alisema: 'Nakuja siku ya sita. Mwambie asing'oe kitu mpaka nifike.'"

Leo ndiyo siku ya sita tangu maneno hayo. Ninaandika haya nikiwa nimekaa uani kwa Mama Nasiba, juu ya kiti kilekile. Tangu jana masuke ya kwanza yametoka katika bidon ya saba, mapema kuliko bidon nyingine. Ua la mpunga hufunguka asubuhi jua likishapanda, hukaa wazi kwa muda wa saa moja au mbili, kisha hufungwa na halifunguki tena. Sasa ni saa tano kasoro, na maua yamefunguka: nyuzi ndogo nyeupe zinaning'inia nje ya maganda, kila moja na kifuko chake cha chavua. Nimegusa suke moja kwa ukucha, na ukucha wangu umekuwa na vumbi la njano. Hiyo ni chavua, na ipo. Kama ni nzima, bado sijui. Baada ya siku kumi punje zitabonyezwa, nazo zitajibu.

Mama Nasiba amevaa kitenge kipya na kukalia ndoo, mkono wa kulia mapajani. Upande wake wa kushoto ameweka ndoo nyingine, amelifagia eneo lote mpaka mwamba unang'aa. Kaswera ameleta sufuria, kubwa, tupu, ameiweka mlangoni mahali ambapo kila mtu ataiona, akasema tu, "Niliahidi." Jikoni kuna vikombe vinne vya mchele vinavyosubiri maji kuchemka.

Carlos amepiga simu dakika kumi zilizopita, sauti ya upepo nyuma yake.

"Tuko Kalengera. Mama ameomba tusimame kidogo."

"Kusimama kufanya nini?" Mama Nasiba aliuliza.

"Hafanyi kitu. Amesimama tu pembeni ya barabara. Anaangalia upande wa Goma."

"Ameshika nini?"

Sauti ya Carlos ikasogea mbali, kama mtu anayegeuka kutazama. "Kopo. Alikataa niifunge nyuma. Ameikumbatia."

"Uliza kama kuna kitu ndani."

Tulisikia Carlos akiuliza, na sauti ya mwanamke ikijibu kwa mbali, lakini upepo ukachukua maneno, na simu ikakatika. Mama Nasiba amejaribu kupiga mara tatu. Haipatikani. Kutoka Kalengera hadi hapa kwa pikipiki, barabara ikiwa wazi, ni kama saa mbili, na maua haya yatafungwa saa saba. Ameniuliza kama mengine yatafunguka kesho. Nimemwambia ndiyo, na keshokutwa pia.

"Hata hivyo," amesema. "Afike leo hii."

Ndani ya bidon ya saba, karibu na ukingo, kuna mche mmoja mrefu kuliko wenzake. Nimeuona tangu asubuhi, naye ameuona kabla yangu. Mkono wake wa kulia umekwenda huko mara mbili, na mara mbili ameurudisha mapajani. Sasa pikipiki inasikika barabarani, na ingawa ni mapema mno, wote watatu tumeinua vichwa.

Imepita. Siyo yeye. Tunangoja.